Mguu wa Baba kwenye Breki

Gari la baba halikuingia kwenye duka la mabeseni kwa kishindo. Liliingia polepole, kama mteja asiye na haraka, likasukuma mabeseni ya kijani, yakafuatia mekundu, ndoo zikaporomoka juu ya boneti, na mwisho likasimama pua yake ikiegemea meza ya mwenye duka. Mwenye duka alikuwa ng'ambo ya barabara akitafuta chenji, akaokoka. Mama, aliyekaa mbele kando ya dereva wake kama kawaida, alijigonga kwenye dashibodi akaota nundu kubwa kama limau. Baba hakupata hata mkwaruzo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Maana baba alikuwa dereva. Wapo watu wanaoendesha magari na wapo madereva, na yeye alikuwa wa kundi la pili. Ujana wake wote uliishia kwenye malori ya mizigo, akastaafu na leseni isiyo na doa, na mpaka leo mtaa mzima ulimwita Dereva, hata wakwe zake, hata watoto waliozaliwa baada ya lori lake la mwisho kuuzwa kama chuma chakavu. Sasa watu walikuwa wamelizunguka gari lake dogo, kila mmoja na beseni mkononi, na yeye anawaambia, "Nilikanyaga mapema. Breki haikushika." Nao wanaitikia, "Ndiyo mzee, pole mzee," kwa ile sauti laini anayoambiwa mtoto aliyesema ameona simba chooni.

Binti yake aliisikia sauti ile alipofika, ikamchoma. Alikuwa fundi magari mwenye karakana yake, na alikuwa ametoka mbio na ovaroli mwilini. Akaketi kwenye usukani, akakanyaga breki. Pedali ilikuwa juu, ngumu kama jiwe. Akalirudisha gari barabarani, akapanda nalo mlima mpaka nyumbani kwa wazazi wake, akizijaribu breki kila kona. Zilishika kila alipozigusa.

Kaka yake alifika nyuma yake akiwa amewabeba baba na mama kwenye gari lake. Alikuwa mfamasia, mtu wa kusoma maandishi madogo kwenye chupa, na hakupenda jambo lenye shaka.

"Breki nzima hizo," alimwambia dada yake uani, wazazi walipokwisha kuingia ndani.

"Sijalifungua bado."

"Lifungue. Jumamosi nakuja. Ukikuta breki mbovu, tengeneza, nami nitamwomba radhi mzee mbele ya watu. Ukikuta nzima, funguo nazichukua. Najua atanuna mpaka mvua zije."

"Unamwonea."

"Simwonei, mdogo wangu. Nataka nimzike akiwa mzee kuliko alivyo sasa. Na mama vilevile."

Fundi naye alitaka hivyohivyo. Lakini alijua funguo zile zilikuwa zinafungua nini. Nyumba ya wazazi ilikuwa juu mlimani, maduka yalikuwa chini, na katikati kulikuwa na mteremko mrefu uliojikunja kama utumbo. Mama alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Yeye alishona, baba akapeleka, na mama akaenda naye kwa sababu alisema hamwamini kuhesabu sketi. Ukweli ni kwamba walipenda kutoka pamoja. Waondolee gari, utakuwa umewaondolea mchana wao.

Akafunga karakana, akahamia kwao na sanduku la spana.

Siku ya kwanza aliliinua gari kwa jeki akatoa magurudumu yote. Baba alichuchumaa kando yake, nati akizikusanya ndani ya kofia yake ili zisipotee kwenye nyasi.

"Unaona nini?"

"Pedi nene, baba. Hazijaliwa."

"Pedi nene," baba akarudia, kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali.

"Diski safi. Mipira ya breki mikavu, haivuji popote. Masta silinda nzima. Mafuta ya breki yamejaa mpaka kwenye alama."

Kwa kawaida fundi hufurahi akikuta kitu kizima. Safari hii kila kizima kilikuwa ushahidi dhidi ya baba yake, naye alijikuta akikitafuta kibovu kama mtu anayetafuta pete mchangani. Hakukipata. Baba aliangalia nati zake kofiani kwa muda.

"Kama ni mguu wangu," alisema, "uniambie mimi kwanza. Kabla ya kaka yako, na kabla ya mama yako."

"Baba, hatujafika huko."

"Tutafika. Nimelala naufikiria mguu huu mpaka nimeuona kama wa mtu mwingine. Labda uligusa mafuta ukadhani ni breki. Labda ulichelewa. Mimi nasema niliwahi, lakini kila mzee aliyegonga anasema aliwahi."

"Nitakwambia."

"Nimesema uniambie. Sikusema unifiche."

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa umejaa uani kama moshi wa kuni mbichi. Fundi alitoka na kikombe cha chai, akamkuta baba keshaanza ukaguzi wake. Ukaguzi ule ulikuwa ibada. Tangu enzi za malori, baba hakuwahi kuwasha gari kabla ya kulifunua boneti na kufungua kila kifuniko: cha oili, cha maji, cha mafuta ya breki. Alivipanga ukutani kama vikombe vya wageni, akavifuta kimoja kimoja, kisha akaliacha gari lipumue huku akizunguka kupiga mateke matairi na kujaribu taa. Aliporudi ndipo alipochovya kidole, akanusa, akafunga. Binti alipokuwa mdogo, kazi yake ilikuwa kumshikia vile vifuniko, naye alijiona msaidizi wa daktari.

"Magurudumu nimeyarudisha," alisema. "Leo unaendesha wewe. Mimi nakaa pembeni, tunashuka mpaka madukani."

Walishuka. Baba aliingiza gia ya pili kabla mteremko haujaanza, injini ikanguruma ikajizuia yenyewe, na breki akaigusa kwenye kona tu, kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi. Mguu haukutetemeka. Macho yaliona mbuzi kabla ya fundi kumwona. Madukani alisimama mahali alipotaka kusimama, na mwenye duka la mabeseni, alipomwona, alianza kwa haraka kurudisha bidhaa zake ndani.

Uendeshaji ulikuwa wa kufundishia shuleni. Ndiyo maana fundi alirudi mlimani amenyong'onyea. Gari zima, dereva mzima, na mabeseni yaliyopasuka. Hapo katikati palikosekana kitu.

Mama alikuwa amesimama langoni, futi ya kupimia imening'inia shingoni, nundu yake sasa imegeuka zambarau.

"Mlikuwa mnanguruma nini huko?" aliuliza. "Nilidhani lori linakuja kutuvunjia nyumba."

"Ndiyo gari lako hilo, mama. Gia ya pili."

"Gari langu halilii hivyo. Nikiwemo mimi linateleza kama sabuni. Baba yako ananijua."

Fundi aligeuka akamtazama baba. Baba alikuwa ameanza kupuliza vumbi kwenye kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Mama," fundi alisema, "siku ile mlibeba nini?"

"Si sare za shule nzima? Nyuma kulijaa, buti limejaa, na furushi jingine nilipakata."

"Basi kesho tunapakia hivyohivyo. Na wewe unakaa mahali pako."

"Na nundu yangu hii?"

"Utafunga mkanda, mama."

"Mkanda unanikunjia gauni."

"Na nundu haijakukunjia uso?"

Mama akamtazama mumewe. "Huyu mtoto mdomo kautoa kwenu."

Kesho yake walipakia mafurushi. Fundi alijibana nyuma katikati ya mafurushi hayo, mkono wake umeishika breki ya mkono kati ya viti. Hakuwa mjinga wa kulipeleka gari mpaka madukani. Kabla ya kufika chini kulikuwa na njia ya kuchepukia iliyopanda kwenda uwanja wa mpira. "Tukifika pale, baba, utajaribu breki. Zishike au zisishike, unachepuka kulia unapanda. Nendeni mwendo wenu wa siku zote. Msijitie heshima kwa sababu nipo."

Mteremko ulipoanza, mama alisema, "Taratibu, baba watoto." Hakulisema kwa hofu. Alilisema kama watu wanavyosema bismillahi au amina, neno la kuanzia safari.

Na baba hakuingiza gia ya pili. Aliliacha gari kwenye gia ya juu, injini ikanyamaza, akauweka mguu juu ya breki. Hakukandamiza. Aliulaza tu, kwa upole, kama mtu anavyoweka kiganja mgongoni mwa mtoto anayesinzia, akauacha pale. Gari likateleza. Kona ya kwanza, mguu upo. Kona ya pili, upo. Mama alisimulia habari za mteja aliyenenepa baada ya kupimwa, baba akacheka, na mguu haukuondoka. Fundi alianza kusikia harufu kama ya pembe iliyochomwa.

Wakakaribia njia ya uwanjani.

"Kanyaga, baba."

Baba akakanyaga. Fundi aliuona mguu ukishuka, ukashuka, ukafika sakafuni, na gari likaendelea na safari zake.

"Hakuna kitu," baba alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia kabisa, sauti ya dereva. Akakata kona kulia, gari likapanda kuelekea uwanjani, likachoka, na fundi akavuta breki ya mkono. Wakasimama karibu na goli. Mama alishuka, akaenda kukaa kwenye nyasi, akajipepea kwa sketi ya darasa la kwanza.

Baba hakushuka. Alikuwa anautazama mguu wake.

"Haya," alisema. "Niambie mimi kwanza."

"Mguu ulifika, baba. Nimeuona kwa macho yangu, na ulifika mapema. Ila ulibisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu."

Baba alifumba macho. Akavuta pumzi ndefu, akaitoa kidogo kidogo, na bega lake, lililokuwa limepanda tangu siku ya mabeseni, likashuka.

Fundi alimsogelea, akakaa kiti cha mama, akamweleza. Mafuta ya breki ndiyo yanayopeleka nguvu ya mguu mpaka kwenye gurudumu, lakini yana tabia moja mbaya: yanakunywa maji hewani, kama chumvi iliyoachwa wazi. Yakishakunywa maji, yanachemka upesi. Na mguu ukilala juu ya breki mteremko mzima, pedi zinasugua diski bila kupumzika, joto linapanda, mafuta yanatokota, yanatoa mvuke. Mvuke hausukumi kitu. Ukikanyaga, unakanyaga hewa. Gari likisimama likapoa, mvuke unageuka maji tena, breki zinarudi kama hakuna kilichotokea. Ndiyo maana yeye mwenyewe alizikuta nzima.

"Jaribu sasa," alisema, walipokuwa wamekaa vya kutosha.

Baba akakanyaga. Pedali ilikuwa juu, ngumu.

"Mnafiki mkubwa huyu," baba aliiambia breki. Kisha akakunja uso. "Maji yaliingiaje? Kifuniko nakikagua kila siku."

Fundi alitamani swali hilo lisingeulizwa. "Ndimo yalimoingilia, baba. Unakifungua kila asubuhi, kwenye ukungu, unaliacha gari lipumue. Kumbe linakunywa."

"Malori yangu yote niliyafungua."

"Malori yako yalikuwa na breki za upepo. Hayakuwa na mafuta haya."

Uwanjani mama alikuwa ameanza kukunja upya sare moja iliyochafuka, akiipiga vumbi kana kwamba ndiyo iliyomkosea.

"Kwa hiyo si mguu," baba alisema, "lakini ni mimi."

"Ni kulipenda gari kupita kiasi, baba. Na mama."

"Ya mama yako yaache. Nilipomwoa nilimchukua kwa lori. Tuliposhuka mlima injini ikanguruma, akalia toka juu mpaka chini. Alidhani linapasuka. Nikamwambia, sauti hii hutaisikia tena kwenye gari ninaloendesha mimi. Hajaisikia." Akaugusa usukani. "Usimwambie habari ya gia."

Fundi hakuahidi. Alirudi nyumbani, akatoa mafuta yote ya zamani, meusi kama kahawa iliyolala, akaweka mapya, akatoa hewa iliyonaswa kwenye breki za kila gurudumu huku baba akikanyaga na kuachia kwa amri yake. Kazi iliwachukua mchana wote, na baba aliifanya bila kunung'unika, akiitikia "tayari" kila mara kama utingo.

Jumamosi kaka alikuja na mkate na uso wa kazi. Wakakaa sebuleni, mama kwenye kiti cha cherehani, sindano mdomoni. Fundi akaeleza: mafuta yalikuwa mabovu, yalichemka, breki ikapotea, na yeye ameishuhudia ikipotea. Mguu wa baba hauna kosa.

Kaka alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alisimama, akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili. "Nisamehe, mzee wangu. Nilikufikiria vibaya."

"Ulimfikiria mama yako vizuri," baba alisema. "Yameisha."

Wote wangekunywa chai hapo. Lakini kaka alikuwa mfamasia. Akamgeukia dada yake. "Kwa hiyo na mafuta mapya haitarudia."

Fundi alimtazama baba. Baba alitazama ukuta. Ingekuwa rahisi sana kusema haitarudia, na kwa miezi mingi ingekuwa kweli.

"Itachelewa," alisema. "Gari likishushwa vilevile, siku moja itarudia. Ule mteremko hautaki breki, unataka gia."

"Basi atumie gia. Si ni dereva?"

Baba aliingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akaziweka mezani mbele ya mwanawe, bila kishindo.

"Chukua."

"Baba, mbona sasa?"

"Chukua tu. Kuna namna moja ya kushuka, nami sitaiweza. Nimeshachoka na barabara."

Alikuwa hajachoka na barabara hata kidogo. Hata cherehani ilijua. Mama alitoa sindano mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kimto chake cha sindano.

"Hii gia mnayoizunguka," alisema, "ndiyo ile ya kunguruma?"

Baba alirudi kutazama ukuta.

"Nimeuliza, baba watoto."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana ulikuwa unalaza mguu? Kwa ajili yangu?"

"Ulilia."

"Nilikuwa mwari. Mwari analia, kazi yake nini nyingine?"

"Kwani huogopi tena?"

Mama akafikiria. Hakuwa mtu wa kudanganya mchana kweupe. "Naogopa. Juzi mlipokuwa mnashuka nilizishika nguzo za lango. Naogopa na panya pia, na wapo humu ndani nao hawalipi kodi. Ungeniuliza ningekwambia: ningurumishie, nitavumilia. Hukuuliza. Umenibeba miaka yote kama yai, mwisho ukanipasulia kwenye mabeseni."

Kaka alikohoa ili asicheke. Mama akainuka, akazichukua funguo mezani mbele ya mwanawe, akamrushia mumewe.

"Inuka. Nina sare za kupeleka. Na nyie wawili ingieni nyuma, mshuhudie, nisije nikaambiwa nimedanganya."

Wakaingia, fundi na kaka yake, magoti yamegusana kama walipokuwa wadogo. Juu ya mteremko baba alisita, mkono juu ya gia.

"Una hakika?"

"Kabla sijabadili mawazo."

Akaingiza gia ya pili. Injini ikapaza sauti, gari zima likatetemeka kwa ngurumo, na mama akashika mpini wa mlango mpaka vidole vikapauka. Kona ya kwanza alikaza macho. Kona ya pili alifungua kinywa, na fundi alidhani sasa analia. Hakulia. Alianza kumsema mumewe, kwa sauti kubwa ya kuishinda injini, makosa yake yote tangu walipooana: kwamba anakoroma akibisha kuwa hakoromi, kwamba alimpa jina mbuzi wa harusi ya shemeji yake hivyo hakuna aliyeweza kumla, kwamba anasifia chakula cha jirani kwa sauti ya kusikika. Baba alishika usukani kwa mikono miwili, macho barabarani, mguu umekaa sakafuni mbali na breki, na tabasamu likamtambaa usoni kila kosa lilipoongezeka. Kaka aliacha kuangalia barabara. Aliegemea nyuma, akawasikiliza wazazi wake.

Chini madukani baba aligusa breki kwa mara ya kwanza. Gari likasimama palepale, na akazima injini. Mama hakuwa na habari kwamba kumekuwa kimya. Mtaa mzima ukageuka.

"Na yale mashuka ya wageni," alikuwa anapiga kelele, "ulifutia gari ukasema yameliwa na mende."

"Nilifutia," baba alisema kwa sauti ya chini, mguu wake ukiwa bado juu ya breki.